Mwewe, kifaranga na majibu manne: uchague lipi?

Asubuhi moja mwewe alishuka uani kwetu, akanyakua kifaranga mmoja kati ya watano, akapaa naye juu ya mwembe. Kuku mama alibaki anarukaruka, manyoya yamemsimama. Mpwa wangu wa miaka saba, aliyekuwa ameshika bakuli la pumba, hakulia. Aliuliza tu: "Mjomba, Mungu anampenda nani, mwewe au kifaranga?"

Sikuwa na jibu, nami ni mtu wa kusomasoma. Swali lake ni lile lile linaloulizwa ndani ya gari la watalii Serengeti duma anapomwangusha swala, na ndani ya boma alfajiri mfugaji anapokuta damu na mbuzi pungufu. Kwa nini kiumbe kiishi kwa kukifisha kingine, na je, jambo hilo lina maana yoyote?

Majibu ni mengi, lakini manne ndiyo yanayorudi kila mara. Nimeyabatiza Mizani, Huruma, Riziki na Nyama. Lipo la tano, "ni asili tu, halina maana", nami nimeliacha kando. Huenda ni la kweli. Ila anayekuambia "ni asili tu" amekueleza kilichotokea, na hicho ulikuwa umekwisha kukiona.

Vigezo

Nimeyauliza yote manne maswali yale yale. Je, linakubaliana na kinachotokea porini kweli, au na tulichozoea kusimuliana? Linamwambia nini yule swala mmoja aliyeko mdomoni sasa hivi? Linaituma mikono yako ifanye nini: ikae, iingilie, ichukue panga? Na linavuja wapi? Kila paa linavuja mahali fulani. Cha kuangalia ni kama panapovuja ndipo ulipoweka kitanda.

1. Mizani

*Linasema nini.* Mwindaji na mwindwa ni viungo vya mwili mmoja. Kifo cha mmoja ni pumzi ya mwili mzima. Anayetajwa zaidi hapa ni Aldo Leopold, afisa misitu wa Marekani. Mwaka 1909 huko Arizona, akiwa kijana, yeye na wenzake walimpiga risasi mbwa mwitu jike. Siku hizo aliamini kwamba mbwa mwitu wakipungua paa wataongezeka, na wakiisha kabisa mwindaji atakuwa peponi. Baadaye aliona milima iliyokwanguliwa majani na paa waliokufa njaa kwa wingi wao wenyewe, akageuka: jema ni lile linalohifadhi uzima wa jamii nzima ya viumbe, udongo na maji vikiwemo.

*Porini.* Serengeti ililifanyia jibu hili mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Kati ya 1980 na 1987 ujangili na sumu viliwamaliza wala nyama wengi kaskazini mwa hifadhi. Wanyama wadogo wakaongezeka: taya, swala tomi, ngiri, nyamera, swala pala. Twiga hawakubadilika. Wala nyama waliporudi, wale wadogo wakapungua tena. Anthony Sinclair na wenzake walipochapisha hesabu hizo mwaka 2003 walionyesha kwamba kuna mpaka kwenye uzito wa kilo 150 hivi. Walio chini yake wengi huishia mdomoni. Walio juu yake hubanwa zaidi na chakula.

Hapa ndipo waongoza watalii wengi huteleza. Gari likisimama mbele ya msafara wa nyumbu utasikia: "Bila simba, hawa wangejaa wakamaliza nyasi." Maneno matamu, lakini kwa nyumbu wanaohama si ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Ugonjwa wa sotoka ulipowaondokea, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikwisha kupita milioni moja, na simba walikuwapo muda wote huo. Simon Mduma na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, walikuta vifo vitatu katika kila vinne vya nyumbu vinatokana na lishe duni. Mto Mara nao huzamisha wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Simba ana eneo lake na watoto wake. Hawezi kuhama na msafara. Kinachowapunguza nyumbu ni uhaba wa nyasi. Kwa hiyo ukichagua Mizani, ichague kwa swala tomi na ngiri, usiitundike kwa mnyama asiyehusika.

Tena kuna mwindaji anayeivunja mizani yenyewe. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zilikuwa zimetoweka. Mfuasi wa Mizani hasemi kwamba kila mwenye meno ni mwema. Huuliza kwanza: huyu ameingiaje, na ameishi na wenzake muda gani?

*Kwa swala mmoja.* Kimya. Swala ni senti katika daftari la benki.

*Mikono ifanye nini.* Ilinde makazi, iache uwindaji uendelee, irekebishe alichoharibu binadamu. Ndiyo maana swala akinaswa kwenye tanzi la waya daktari wa wanyama huitwa, lakini akishikwa na duma watu hukaa garini na kamera zao.

*Linapovuja.* Ukisema uzima wa jumla ndio kipimo cha wema, mtu yeyote mmoja anaweza kutolewa kafara kwa ajili ya jumla. Tom Regan, mtetezi wa haki za wanyama, aliliita jambo hilo ufashisti wa mazingira. Wafuasi hujibu kwamba kipimo hicho ni cha pori, hakiingii kijijini. Lakini mpaka wa pori na kijiji uko wapi hasa? Waulize wanaolima kandokando ya hifadhi.

*Linamfaa nani.* Askari wa wanyamapori, mwanafunzi wa ikolojia, mtunga sera. Yeyote ambaye kazi yake ni kuhesabu makundi.

2. Huruma

*Linasema nini.* Maumivu ni maumivu, awe nayo nani. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1789 kwamba swali la kuuliza kuhusu wanyama ni kama wanaweza kuumia. Kufikiri na kusema si hoja. Mwenzake John Stuart Mill, katika insha iliyotoka mwaka 1874 yeye akiwa amekwisha kufariki, alisema karibu kila tendo ambalo binadamu hunyongwa au hufungwa kwa kulitenda, asili hulitenda kila siku. Mwanafalsafa wa siku hizi, Jeff McMahan, mwaka 2010 alilisukuma jibu hili hadi ukutani: kama tungeweza kuukomesha uwindaji wa wanyama kwa wanyama bila kuleta madhara makubwa zaidi, tungekuwa na sababu ya kuukomesha.

Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka. Wengi hucheka. Cheko langu lilikatika nilipojiuliza nacheka nini hasa: kwamba maumivu ya swala si ya kweli, au kwamba mimi sina la kufanya? Hayo ni mambo mawili, na la pili haliondoi la kwanza.

*Porini.* Simba hubana koo, au huziba mdomo na pua, mpaka pumzi ikatike. Ni kazi ya dakika kadhaa. Fisi na mbwa mwitu hawasubiri. Huanza kula mwenye nyama angali anatazama. Vipindi vya televisheni hukata hapo na kutuonyesha machweo.

Lakini zile hesabu za nyumbu zinarudi, na safari hii zinambana mwenye huruma. Ukiwaondoa simba wote, nyumbu hawi salama. Anahamishwa tu, kutoka kifo cha dakika kwenda kifo cha majuma, mbavu zikihesabika. Na wengi hawafi wakubwa. Kasa hutaga mayai mia na zaidi katika kiota kimoja, na vitoto vinavyotoka humalizwa karibu vyote, na kaa, na ndege, na samaki, kabla havijawa chochote. Anayehesabu maumivu kwa uaminifu atakuta simba si mdeni mkubwa kuliko wote. Mdeni mkubwa ni uzazi wenyewe, unaozaa maelfu ili wabaki wachache.

Kuna kisa cha Samburu, kaskazini mwa Kenya, ambacho kila anayelifikiria jibu hili angepaswa kukijua. Kati ya mwisho wa 2001 na mwanzo wa 2002 simba jike alionekana akitembea na ndama wa choroa. Hakumla. Alimlinda, alilala naye. Watu wakampa jina la Kamunyak, aliyebarikiwa, na magazeti yakaandika muujiza. Kilichofuata ni kwamba simba hakuwa na maziwa ya kumnyonyesha ndama, na hakuthubutu kumwacha ili akawinde. Wote wawili wakakonda. Baada ya majuma mawili hivi simba dume akapita, akamla ndama. Kamunyak akanguruma, akazunguka, kisha baadaye akachukua ndama mwingine wa choroa. Na mwingine.

Mimi kisa hiki hakinichekeshi wala hakinifundishi kwamba huruma ni upumbavu. Kinanionyesha tu kwamba mahali ambapo mwili mzima umeumbwa kwa ajili ya nyama, kusimamisha meno peke yake hakutoshi.

*Kwa swala mmoja.* Hapa Huruma inawashinda wenzake wote. Ndiyo pekee inayomtazama usoni na kumwambia: linalokupata ni baya, na ubaya wake haupungui kwa sababu kuna anayeshiba.

*Mikono ifanye nini.* Kwa sasa, kidogo kuliko inavyotaka. Peter Singer, mwanafalsafa ambaye tangu 1975 amewapa watetezi wa wanyama hoja zao nyingi, hakushauri tulivamie pori. Historia ya binadamu ya kutengeneza mazingira haitii moyo. Yaliyo karibu yapo: kumfunga paka kengele, kumchanja mbwa, kutoongeza mateso mezani kwako.

*Linapovuja.* Halina breki. Ukilifuata mpaka mwisho unajikuta unamshtaki simba kwa kuwa simba, na unaota dunia ambayo si hii. Wengine hawaoni hilo kuwa kasoro. Wanasema kila mageuzi ya maadili yalianza kwa kuota.

*Linamfaa nani.* Mganga wa mifugo, asiyekula nyama, na mtu ambaye majibu mengine yote humwacha na donge kooni.

3. Riziki

*Linasema nini.* Mwenye kuumba ndiye mwenye kulisha. Zaburi ya 104 inasema wana-simba hunguruma wakitaka mawindo, wakitafuta chakula chao kwa Mungu. Katika Qur'ani, sura ya Hud, aya ya 6, hakuna kiumbe kitembeacho ardhini ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Na Al-An'am, aya ya 38, inawaita wanyama na ndege umma kama nyinyi. Kwa jibu hili simba si muuaji. Ni aliyealikwa.

Ndani ya nyumba hii, hata hivyo, kuna wasioelewana. Wapo wanaoshika Mwanzo 1:30, ambako wanyama wote wanapewa majani, na Isaya 11, ambako simba atakula majani kama ng'ombe; kwao uwindaji ni jeraha lililoingia duniani na litakalopona. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alikataa. Alisema dhambi ya mtu haikubadili maumbile ya wanyama, hata simba na kipanga waliokuwa wala majani wageuke wala nyama. Na kwamba uhai wa simba usingekuwepo bila kufa kwa wengine. Juu ya hili ardhi ya Lindi iko upande wake. Kwenye kilima cha Tendaguru, palipochimbwa dinosaria na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, yametoka pia meno ya wala nyama wa zama hizo, kama miaka milioni 150 kabla ya mtu yeyote wa kutenda dhambi.

*Porini.* Kigingi kikubwa alikichomeka Charles Darwin. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na muweza aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi kwa ndani, viwavi wakiwa hai. Wala paka achezee panya. Ni vigumu kumjibu.

Ila nyigu mwenye tabia hiyo hiyo ametulisha. Katika miaka ya 1970 vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga wanaokunjamanisha majani ya muhogo, waliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini na kuanza kuumaliza muhogo nchi baada ya nchi. Dawa iliyofaa ilikuwa nyigu mdogo kutoka Paraguay anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Aliachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa sehemu kubwa ya bara hili. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ukila ugali wa muhogo au kisamvu, huenda una deni kwa kitisho cha Darwin. Je, hilo linamjibu? Hapana. Linamhamisha tu aliyeketi mezani.

Na kuna David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia, akamtikisa kama mbwa atikisavyo panya. Aliandika kwamba aliingiwa na namna ya usingizi, hakusikia maumivu wala hofu, akaona hiyo ni rehema ya Muumba kwa kila anayeuawa na mla nyama. Mkono wake wa kushoto haukupona sawasawa. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipoubeba mwili wake hadi Bagamoyo miaka thelathini baadaye, ni mfupa huo uliovunjwa na simba uliowathibitishia madaktari wa London kwamba maiti ni yake. Ushuhuda wa usingizi wake uweke akiba. Utakutana na unaoupinga.

*Kwa swala mmoja.* Wakristo wengi hapa husitasita. Katika Uislamu kuna hadithi iliyopokewa na Muslim kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiwa kisasi kwa mwenye pembe aliyempiga. Wanatheolojia wa Mu'tazila, kundi la kale la Kiislamu, wakajenga juu ya fikra kama hiyo: mnyama aliyeteseka anastahili fidia. Hakuna jibu jingine kati ya haya manne lenye ujasiri wa kumwahidi swala lolote.

*Mikono ifanye nini.* Mnyama hana hesabu; wewe unayo. Anayechinja ameamriwa anoe kisu chake na ampumzishe anayechinjwa. Na iko hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Isome tena sehemu ya mwisho. Sehemu ya kosa lake ni kumzuia paka kuwinda.

*Linapovuja.* Wahenga walisema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Uani kwangu asubuhi ile vilikuja pamoja: riziki ya mwewe ndiyo ajali ya kifaranga, tendo moja, sekunde moja. Imani inaweza kusema kwamba kuna hekima. Haisemi ni ipi, na anayekuonyesha kwa kidole kwamba ni hii hapa, kwa kawaida anabahatisha.

*Linamfaa nani.* Mwenye imani tayari. Halimfai anayetaka kuthibitishiwa imani kupitia simba. Simba si wakili mzuri.

4. Nyama

*Linasema nini.* Kiswahili kiliwahi kulisema kabla ya wanafalsafa: nyama na mnyama ni neno moja, la pili limevishwa kiambishi tu. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani mnyama mwenyewe huitwa nyama. Jibu hili linaongeza neno moja: nawe. Wewe pia ni chakula, na kosa letu ni kujiona watazamaji wa karamu ambayo sisi tumo kwenye sinia.

Val Plumwood, mwanafalsafa wa Australia, hakulipata jibu hili maktabani. Februari 1985 alikuwa peke yake ndani ya mtumbwi katika hifadhi ya Kakadu, mamba akamvamia, akamzamisha na kumbiringisha mara tatu. Alitoka akitambaa, mguu umechanwa vibaya. Hakuzungumzia usingizi wala rehema kama Livingstone. Alizungumzia hofu isiyo na sakafu, na mshangao wa kukuta kwamba dunia haikuwa imemweka pembeni. Kisha akapinga mamba yule kuwindwa. Yeye ndiye aliyeingia kwa mwenzake.

*Porini.* Kwetu hili si nadharia. Mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja la reli mto Tsavo. John Henry Patterson, aliyewaua, alikuja kudai walikula watu 135. Vipimo vya mifupa na manyoya yao, vilivyochapishwa mwaka 2009, vinakadiria kama 35. Kusini mwa Tanzania, Lindi na Rufiji hasa, habari si ya zamani. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya Watanzania 560. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, wakilala kwenye vibanda na madungu mashambani kuwafukuza nguruwe mwitu. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe, mtu yuko katikati na tochi.

*Kwa swala mmoja.* Linamwambia: nami pia. Si faraja kubwa, lakini si uongo.

*Mikono ifanye nini.* Fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Imarisha boma, usilale nje, usiende mtoni jioni, wala usimchukie mamba kwa kuwa na njaa. Sheria ya Tanzania imelipata wazo hili kwa maneno mawili ninayoyapenda: anayeharibiwa mazao hupewa kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Hakiitwi fidia. Fidia hutaka mkosaji, na simba hawezi kuwa mkosaji. Machozi hayahitaji mkosaji ili yafutwe.

*Linapovuja.* Plumwood alipona. Ni rahisi kulisema hili ukiwa umepona, au ukiwa garini vioo vimefungwa. Kumwambia mama aliyempoteza mtoto kwamba "sote ni nyama" ni ukatili uliovaa joho la hekima. Tena linaeleza sisi ni nani bila kueleza kama kuliwa ni kubaya. Hapo Huruma inapiga hodi na haijibiwi.

*Linamfaa nani.* Mtu mzima anayeyatafakari mauti yake mwenyewe. Na wengi wanaoishi na wanyama wakali, ambao hawakulihitaji jina lake.

Kulingana na ulipo

Kama hujui umeegemea wapi, jipime kwa kunguru wa Zanzibar. Aliletwa visiwani kutoka India katika miaka ya 1890 ale taka, akaenea pwani yote akila mayai na makinda ya ndege wengine. Ukisikia anatiliwa sumu, unauliza nini kwanza? "Ndege wa asili watarudi?" Wewe ni Mizani. "Anakufaje?" Huruma. "Nani ametupa ruhusa?" Riziki. "Si taka zetu ndizo zilizomlisha?" Uko karibu na Nyama.

Ukiwa unaongoza wageni porini, Mizani itakusaidia siku nyingi, mradi uitumie kwa hesabu sahihi. Mgeni akitokwa na machozi mbele ya windo, iweke mfukoni. Mtu huyo amekwisha kuchagua Huruma, na takwimu zitamfanya ajione mjinga kwa jambo ambalo si ujinga. Dakika mbili za kunyamaza zinatosha.

Ukiwa mfugaji na mbuzi wameliwa, usipoteze muda na falsafa kabla ya kukagua miiba ya boma. Baadaye, Nyama ndilo litakalokuzuia usitie sumu kwenye mzoga. Sumu hiyo haichagui: huua simba, fisi na tumbusi arobaini wasiohusika.

Kwenye msiba wa aliyeuawa na mnyama, kama wafiwa ni watu wa dini, wao wenyewe watalitaja Riziki, au watasema kazi ya Mungu haina makosa. Waache walitaje wao. Mgeni akilitanguliza husikika kama anawanyamazisha.

Ukiwa mwalimu, yafundishe yote manne kwa windo moja, na usiwape alama kwa kuchagua lako. Ukiwa umeacha nyama kwa ajili ya wanyama na rafiki zako wanakutania kwamba mbona simba anakula, wajibu kwa Riziki hata kama husali: simba hana hesabu.

Unaweza pia kuyabeba mawili. Watu wengi ninaowaheshimu wana Mizani kazini na Huruma nyumbani, na hugongana siku paka wa nyumbani anapoleta ndege mlangoni.

Na ukiulizwa na mtoto wa miaka saba mwenye bakuli la pumba? Nilimwambia mwewe naye ana makinda juu ya mti. Akafikiri, akauliza kama makinda hao wamekwisha kushiba. Nikasema sijui, labda bado. Akaweka bakuli chini, akaenda nyuma ya jiko, akarudi anaburuta tenga kubwa kuliko yeye. Tukawafunika wale wanne pamoja na mama yao, akaweka na jiwe juu.